Sifuri Mbili za Samarkand

Tarehe 29 Desemba 2023, mjini Samarkand, Uzbekistan, magrandmasta wawili wa Urusi walikaa mezani kucheza raundi ya 11 ya Mashindano ya Dunia ya Blitsi, yaani sataranji ya dakika chache tu. Mmoja alikuwa Ian Nepomniachtchi, aliyewahi kuligombea taji la dunia mara mbili, mwaka 2021 mjini Dubai na mwaka 2023 mjini Astana. Mwenzake alikuwa Daniil Dubov, bingwa wa dunia wa sataranji ya kasi wa mwaka 2018. Kila mmoja alikuwa na dakika tatu kwenye saa yake, na sekunde mbili za nyongeza kila anapocheza. Baada ya hatua 13 walikuwa wameshamaliza, sare. Kisha mwamuzi mkuu akaifuta sare ile na kuandika kitu ambacho hakionekani mara nyingi kwenye jedwali la sataranji: sifuri kwa huyu na sifuri kwa yule, badala ya nusu pointi ya sare kwa kila mmoja.

Ukiuangalia mchezo wenyewe, huhitaji kuwa mjuzi ili ucheke. Farasi mweupe anakwenda mraba wa f3, farasi mweusi anajibu f6. Mweupe anasogea d4, mweusi d5. Mweupe b3, mweusi b6. Ni kama mtu aliyesimama mbele ya kioo. Halafu farasi wa pili wa kila upande wanaingia uwanjani nao wanazungushwa vilevile, mpaka hali ileile ya ubao inajirudia mara tatu, na kwa mujibu wa kanuni hiyo ni sare. Katika hatua zote hizo hakuna askari hata mmoja aliyesogea. Hakuna kete iliyoliwa. Mfalme, malkia, ngome na maaskofu walibaki pale walipopangwa kabla saa haijawashwa.

Waliotaka kuitetea sifuri walikuwa na hoja, na tusiidharau. Kanuni za FIDE, shirikisho la sataranji duniani, zina kifungu cha 11.1 kinachomkataza mchezaji kufanya jambo lolote la kuuvunjia mchezo heshima. Hapa palikuwa na wachezaji wawili wa daraja la juu kabisa, kwenye mashindano ya dunia, mbele ya kamera, wakizungusha farasi kama watoto waliopewa ubao bila kufundishwa. Yalikuwa yamepangwa, hilo halina ubishi. Watu wawili hawawezi kuzua ngoma ya namna ile papo kwa papo, kila mmoja akijua mwenzake atakanyaga wapi. Kwa lugha tuliyoizoea kwenye soka la kwetu, huo ni upangaji wa matokeo, na dawa ya upangaji wa matokeo ni adhabu. Hoja imekamilika?

Haijakamilika, kwa sababu ya Berlin.

Anayefuatilia sataranji ya juu anaufahamu Ulinzi wa Berlin, mojawapo ya namna za nyeusi kuufungua mchezo, na anajua kwamba ndani yake kuna njia moja inayokwisha kwa hatua 14. Nyeupe inamwacha farasi mweusi amle askari wa e4, inajibu kwa d4, kete zinabadilishana kwa kasi katikati ya ubao, kisha wanabaki malkia wawili wakikimbizana. Malkia mweupe anatoa shaha, yaani anamtishia mfalme, kutoka e4, mweusi anaziba e6. Mweupe anarudi d4, mweusi anarudi d6. Tena e4, tena e6. Tena d4, tena d6. Sare. Njia hii imechezwa na wakubwa mara nyingi kiasi kwamba wapenzi wa mchezo wameshaikariri; wakiona hatua ya nane wanafunga skrini na kwenda kufanya mambo mengine. Hakuna anayefikiri, hakuna anayetumia muda, na wote wawili mezani wanajua tangu hatua ya saba kwamba hapa hapachezwi kitu. Wakimaliza, kila mmoja anachukua nusu pointi yake, anasaini na kuondoka. Kwenye jedwali inaandikwa nusu na nusu, na mwamuzi anaendelea na meza nyingine.

Sasa nieleze tofauti. Kwenye Berlin askari wamesogea, kete zimeliwa, mfalme amefichwa, mambo yanafanana na mchezo. Lakini kilichomo ndani ni kilekile: wawili wameafikiana wasipigane, wakagawana pointi. Wahenga waliiita funika kombe mwanaharamu apite. Kosa la Dubov na Nepomniachtchi ni kwamba walikataa kulifunika kombe. Kama wangecheza hatua 14 za Berlin siku ile, hakuna ambaye angewauliza neno, na leo nisingekuwa na cha kuandika. Kwa hiyo sifuri ya Samarkand iliiadhibu dhihaka. Sare yenyewe, na makubaliano yaliyoizaa, vilipita bila kuguswa katika meza nyingine na vimeendelea kupita tangu siku ile.

Hata dhihaka haikuadhibiwa sawasawa kwa wote. Machi 2021, katika mashindano ya mtandaoni yaliyobeba jina la Magnus Carlsen mwenyewe, bingwa wa dunia wa wakati ule, Carlsen na grandmasta wa Marekani Hikaru Nakamura walikutana katika mchezo wa kasi ambao haukubadili chochote, kwani wote walishafuzu hatua inayofuata. Carlsen akasogeza askari wa mfalme, Nakamura naye. Carlsen akamtoa mfalme nje hatua moja, jambo ambalo mwalimu yeyote wa sataranji angemkaripia mtoto kwa kulifanya. Nakamura akamtoa wake pia. Wakawarudisha wafalme nyumbani, wakawatoa, wakawarudisha, mpaka sare ikapatikana. Watangazaji walivunjika mbavu, video ikasambaa dunia nzima, na mchezo ule ukahesabiwa kuwa tangazo zuri la sataranji. Ni kweli kwamba yale hayakuwa mashindano ya dunia ya FIDE, na mwandaaji binafsi ana uhuru wake. Lakini ukimwambia mchezaji kijana kwamba mfalme akicheza ngoma ni burudani na farasi akicheza ngoma ni aibu, atakuuliza mpaka umechorwa wapi, na sidhani kama utakuwa na jibu.

Tuje kwenye hesabu, maana sifuri ile ilikuwa na bei. Mashindano yalikuwa ya raundi 21. Carlsen alitwaa taji kwa pointi 16. Nafasi ya pili ilikwenda kwa Dubov huyuhuyu, mwenye pointi 15 na nusu. Wengi walikimbilia kujumlisha: mrudishie nusu yake ya raundi ya 11, anafikisha 16, wanalingana. Ni hesabu tamu, ila ina kasoro. Mashindano yale yaliendeshwa kwa mfumo wa Uswisi, ambamo unapangiwa mpinzani mwenye pointi karibu sawa na zako. Nusu pointi ikiongezwa katika raundi ya 11, wapinzani wa raundi ya 12 na kuendelea wanaweza kuwa wengine kabisa, wakali zaidi. Huwezi kuichukua nusu ukaibandika mwishoni kana kwamba raundi kumi zilizofuata zingekwenda vilevile. Ninachoweza kusema bila wasiwasi ni kwamba mtu aliyenyang'anywa nusu pointi kwa uamuzi wa mezani alimaliza nusu pointi nyuma ya bingwa. Kwa mashindano ya hadhi ile, hilo peke yake lilitosha kuwafanya wakubwa wa FIDE wakae chini waitazame upya kanuni yao.

Na kuna kinaya ambacho sijaona kikizungumzwa vya kutosha. Dubov ndiye aliyekuwa kwenye kikosi kilichomsaidia Carlsen kujiandaa dhidi ya Nepomniachtchi kule Dubai mwaka 2021. Wakati ule wapo waliomlaumu vikali nyumbani kwao kwa kumsaidia mgeni dhidi ya Mrusi mwenzake. Miaka miwili baadaye wawili hawa wanaonekana maswahiba kiasi cha kuchora ngoma ya farasi pamoja. Sataranji ya juu ni kijiji kidogo. Watu walewale wanakutana kila mwezi, leo wapinzani, kesho mmoja ni msaidizi wa mwenzake, keshokutwa wanasafiri ndege moja. Katika kijiji cha namna hiyo, kutegemea kwamba kila wanapokutana watapigana kufa na kupona kwa sababu tu kanuni imetaja heshima ya mchezo, ni kujidanganya.

Tena siku yenyewe huwa ndefu. Blitsi si mchezo mmoja wa jioni. Siku ya kwanza ya mashindano yale zilipigwa raundi 12 mfululizo, na raundi ya 11 ilikuja wakati kichwa kimeshachemka na mkono unasogeza kete wenyewe. Mbele yako amekaa mmoja wa wachezaji hatari kuliko wote duniani. Ukipigana unaweza kupata moja, unaweza kupata sifuri, na vyovyote vile utatoka umechoka zaidi kuelekea raundi ya mwisho ya siku. Usipopigana unapata nusu ya uhakika na dakika kumi za kunywa maji. Mwenye akili timamu atachagua nini? Anayewalaumu wachezaji kwa kupiga hesabu anasahau kwamba hesabu ndiyo kazi yao.

Somo hili FIDE walishalipata zamani, tena kwa njia chungu. Mwaka 1962, kwenye mashindano ya kumtafuta mgombea wa taji yaliyofanyika Curaçao, Wasovieti watatu, Petrosian, Keres na Geller, walikutana wao kwa wao mara 12. Michezo yote 12 ilikwisha kwa sare, mingi ikiwa mifupi. Wakawa wanapumzika wanapokutana, wanaweka nguvu kwa ajili ya wengine. Mmarekani Bobby Fischer, aliyemaliza wa nne, alitoka pale anafoka na kuwatuhumu hadharani kwamba walikula njama. FIDE hawakumpa mtu sifuri. Walichofanya ni kubadili mfumo: kuanzia duru iliyofuata, mgombea akaanza kutafutwa kwa mechi za mtoano, mtu na mtu. Kwenye mechi ya mtoano huwezi kupumzika na rafiki, kwa sababu mmoja wenu lazima afungashe virago.

Wapenzi wa soka Afrika wana kumbukumbu yao ya jambo hilihili, na bado inauma. Tarehe 25 Juni 1982, mjini Gijón, Hispania, Ujerumani Magharibi ilikutana na Austria katika mechi ya mwisho ya kundi la Kombe la Dunia. Algeria ilikuwa imeshamaliza mechi zake siku moja kabla, na ilikuwa imeifunga Ujerumani hiyohiyo 2-1. Ushindi wa Ujerumani wa bao moja ungewavusha wote wawili na kuiacha Algeria nje. Bao likaingia mapema, na dakika zilizobaki zikawa za kupigiana pasi katikati ya uwanja mpaka kipenga. Algeria ililalamika, FIFA haikubatilisha kitu. Lakini tangu Kombe la Dunia la 1986, mechi za mwisho za kundi zinaanza kwa wakati mmoja. Nani alikubaliana na nani hapakuhitaji kuthibitishwa tena. Faida ya kukubaliana ilikuwa imeondolewa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema Samarkand ilikuwa mfano mzuri wa ukali. Ukali ulimfikia aliyecheka. Aliyenuna akapita.

Ushahidi ulikuja mwaka mmoja tu baadaye, na ulikuja na Nepomniachtchi huyohuyo. Mashindano ya mwaka 2024 yalifanyika New York, safari hii yakiwa na hatua ya mtoano baada ya raundi za Uswisi. Fainali ilikuwa tarehe 31 Desemba, Carlsen dhidi ya Nepomniachtchi. Carlsen alishinda michezo miwili ya kwanza, Nepomniachtchi akajibu kwa kushinda miwili iliyofuata, na hapo ukumbi ulikuwa umewaka moto. Ikaja michezo ya ziada, ambayo mshindi wa mchezo mmoja tu ndiye angetwaa taji. Sare. Sare tena. Sare ya tatu. Matokeo yakawa 3.5 kwa 3.5, na Carlsen akapendekeza wagawane taji. FIDE, rais wake Arkady Dvorkovich akiridhia, wakakubali. Kwa mara ya kwanza taji la dunia la blitsi likawa na mabingwa wawili kwa wakati mmoja.

Video ikavuja ikimwonyesha Carlsen akimwambia mwenzake, kabla ya jibu kutoka, kwamba wakikataliwa wanaweza kucheza sare fupifupi mpaka wakubwa wachoke. Baadaye Carlsen alisema ulikuwa utani. Tuchukulie ulikuwa utani. Lakini utani huo ulikuwa na nguvu kwa sababu kila aliyeusikia alijua unawezekana. Kanuni za siku ile hazikuwa na kitu cha kuwazuia watu wawili kucheza Berlin usiku kucha mpaka mwaka mpya uwakute mezani. Kwa hiyo Samarkand wawili walipewa sifuri kwa kugawana pointi moja, na New York wawili wakapewa taji kwa kugawana taji. Mmoja wao yumo katika matukio yote mawili. Ningependa kusikia FIDE wakieleza, kwa sentensi moja iliyonyooka, kanuni gani inayoyaunganisha maamuzi haya.

Kuna wanaojaribu kutibu ugonjwa huu kwa njia mbalimbali. Waandaaji wa mashindano ya Sofia, Bulgaria, mwaka 2005 waliwakataza wachezaji kupeana sare kwa mdomo, na kanuni ile ikachukua jina la mji. Ni nzuri, ila haigusi sare ya kurudia hali ya ubao, ambayo ndiyo iliyotumika Samarkand na ndiyo roho ya ile Berlin ya hatua 14. Bilbao mwaka 2008 na London mwaka 2009 waliazima hesabu ya soka, pointi tatu kwa ushindi na moja kwa sare. Mashindano ya Norway Chess tangu 2019 yanaitumia Armageddon: mchezo mrefu ukiisha sare, mnakaa tena papo hapo, nyeupe ikiwa na muda zaidi, nyeusi ikihesabiwa mshindi hata kwa sare. Zote zina faida yake. Hesabu ya pointi tatu ina hatari yake pia pale watu wanapokutana mara mbili, maana marafiki wawili wanaweza kupeana ushindi mmojammoja na kupata tatu kila mtu badala ya mbili. Kwenye mfumo wa Uswisi, ambako mnakutana mara moja tu, hatari hiyo inapungua sana.

Lakini kwa blitsi mimi ningetazama Japani. Shogi, ambayo ni ndugu wa mbali wa sataranji, ina jibu la siku nyingi kwa wanaorudia hatua. Hali ileile ikijirudia mara nne, mchezo unafutwa, mnabadilishana pande, mnaanza upya kwa muda uliobaki kwenye saa zenu. Na kama kurudia huko kunatokana na mmoja kutoa shaha mfululizo, huyo anahesabiwa ameshindwa. Hakuna kikao wala kifungu cha heshima, na hakuna anayehitaji kuchunguza kama mlizungumza kwenye korido. Muda mliotumia umekwenda na hamjapata kitu.

Kwenye sataranji ndefu jambo hili lina ugumu wake, kwa sababu kuna sare za haki kabisa zinazopatikana kwa kurudia hatua. Mtu amezidiwa, anatafuta shaha ya kudumu, yaani shaha mfululizo zisizokwepeka, anajiokoa kwa ustadi. Kumnyima nusu hiyo ni dhuluma. Hilo linaweza kushughulikiwa kwa kuweka mpaka: kanuni ifanye kazi pale tu hatua 30 za kwanza hazijatimia. Kwenye blitsi gharama yenyewe ni ndogo. Mchezo wa dakika tatu ukirudiwa kwa muda uliobaki hauvurugi ratiba kwa kiasi cha kuogofya, na mtazamaji anapata anachokitaka.

Watakaopinga kwanza ni magrandmasta wenyewe, kwa kuwa hatua 14 za Berlin ndizo mapumziko yao. Hoja yao ya uchovu ina uzito na wasikilizwe. Raundi 12 kwa siku ni nyingi. Zipunguzwe ziwe tisa, siku iongezwe, na mlipaji wa gharama ya siku hiyo awe FIDE.